Gari la Babu Lataka Bildi

Jioni ya siku ya pili ya Idd, ukipita Mama Ngina wauona mji mzima wa Mombasa umetoka nje. Watoto wamevaa nguo mpya, akina mama wamekaa ukutani na sahani za mihogo ya kukaanga iliyomiminiwa ndimu na pilipili, wauza madafu hawapati nafasi hata ya kufuta jasho, na meli kubwa zapita katika mlango wa Kilindini karibu mno, hata mtoto adhani akinyosha mkono atazigusa. Mibuyu ni ile ile waliyoiona babu zetu. Kando ya barabara magari yamepangana pua kwa mkia, mengine mapya kutoka Japani, na mengine, machache lakini yenye kutazamwa zaidi, ni ya zamani: Peugeot, Mercedes, Volkswagen ya kobe, Land Rover ya chuma kitupu.

Jioni kama hiyo tulisimama karibu na Peugeot 404 moja, nyeupe ya rangi ya maziwa, iliyong'arishwa mpaka mtu aweza kujitazama. Mwenyewe alikuwa mzee wa makamo ya miaka themanini, kanzu na kofia ya vito, amekaa kiti cha mbele kwa utulivu. Mjukuu wake ndiye aliyekuwa usukani. Kijana alipoipa moto mashine, bomba la nyuma lilitoa wingu jeusi lililowafunika watoto watatu waliokuwa wakila mabuyu. Mama mmoja akapiga kelele. Mzee akafunika pua kwa leso.

"Babu, usijali," alisema kijana. "Gari limepona sasa. Kabureta nimeitoa, nimetia injekta na kompyuta."

"Mjukuu wangu, limeponaje nalo lakohoa?"

"Litazoea tu, babu. Nimelipima kwa sikio."

Mzee hakujibu. Aliwatazama wale watoto wakikohoa, akamwambia kijana azime.

Hatumtaji mtu jina, wala hatusemi haya kwa kumcheka kijana. Kwa hakika twampongeza, kwani wangapi leo wenye umri wake wangekubali kuchafua mikono kwa gari la babu, na hali sokoni kuna gari la mkopo lenye redio na baridi? Lakini neno lile, "nimelipima kwa sikio," ndilo lililotufanya tuandike leo. Maana mashine ya injekta haipimwi kwa sikio. Ina kipimo chake, nacho ni kijiti kidogo kisichopita kidole gumba kwa unene, kinachopenyezwa katika bomba la moshi. Mafundi wetu wakiita sensa ya oksijeni, nayo, wasomaji wetu wapenzi, si ile sensa ya kuhesabu watu. Maoni ya ukurasa huu ni kwamba anayeligeuza gari la kale kuwa la injekta bila ya kutia sensa hii, na kuitia ipasavyo, hajalitengeneza gari, amelikisia. Na kukisia kwa mali ya babu, na kwa hewa ya watoto wa watu, si ufundi.

Huenda msomaji akauliza, je, ukurasa wa utamaduni una habari gani na mabomba ya moshi? Twajibu: una habari kubwa. Utamaduni wa Pwani si mlango wa kuchonga na kanga peke yake. Gari la kale nalo limekwisha kuwa jamaa wa nyumba. Ndilo lililomchukua bibi harusi, ndilo lililompeleka mgonjwa hospitali usiku wa manane, ndilo lililowapeleka mahujaji uwanja wa ndege. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambamo kuna njia zisizopita ila mkokoteni, mwenye gari alijulikana na mtaa mzima, na gari lake lilikuwa la mtaa mzima.

Tena magari haya yana tarikhi yake katika nchi hii. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953. Mwaka 1963 Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa Peugeot 404. Mwaka 1966 na tena mwaka 1967 walishinda Bert Shankland na Chris Rothwell, waliotoka Tanzania, kwa 404 vile vile. Na mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakarudi na 404 yao wakachukua ushindi. Kisha ikaja 504: Ove Andersson alishinda nayo mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978. Mtoto aliyekua miaka ile alizijua namba hizi mbili, 404 na 504, kabla hajajua hesabu za kugawanya. Na itakumbukwa kuwa 404 yenyewe iliuzwa pia ikiwa na injekta za kimashine, zilizosukumwa na pampu ya Kugelfischer ya Ujerumani. Kwa hiyo mtu asituambie kuwa injekta ni bidaa katika gari la kale. Lililokosekana wakati ule ni jicho la kutazama moshi.

Na tueleze sasa kwa ufupi, ili asiye fundi naye afuate.

Mashine ya petroli hula vitu viwili, hewa na mafuta, na hutaka vichanganywe kwa kipimo. Ili petroli yote iungue na hewa yote itumike, kila kilo moja ya petroli yahitaji kilo 14.7 za hewa. Kwa lugha ya mtungi, lita moja ya petroli hula hewa ya kama lita 9,000. Petroli ikizidi, mchanganyiko huwa mzito: plagi hufanya masizi, mafuta huosha ulainisho wa silinda, ringi hulika, na moshi hutoka mweusi. Petroli ikipungua, mchanganyiko huwa mwepesi: mashine huchemka, hukwama, na ukilikanyaga gari hali limebeba mzigo, kupanda kilima cha Mazeras tuseme, vali huungua na pistoni hutoboka.

Kabureta ilifanya kazi hii kwa mvuto wa hewa peke yake. Hewa ikipita kwa kasi penye koo lililobanwa, hunyonya petroli kupitia kitundu. Fundi wa zamani aliyejua kuzungusha parafujo mbili, akasikiliza, akanusa, akatazama rangi ya plagi, aliweza kulifikisha gari mahali pazuri. Ujuzi huo ni wa kweli na twauheshimu. Mwenye kabureta nzima na fundi wa kuijua hana haja ya kubadili kitu; na abaki nayo, na Mungu ampe umri.

Lakini injekta ni mambo mengine. Hapa kompyuta ndiyo inayoamua kila mara injekta ifunguke kwa muda gani, na muda wenyewe ni elfu chache tu za sekunde. Kompyuta haina pua wala sikio. Yaambiwa joto la maji, joto la hewa, mzunguko wa mashine, na mkanyago wa mguu, kisha yatazama katika jedwali ililoandikiwa na fundi, yapiga hesabu. Ikiwa jedwali lile lilinakiliwa kutoka gari jingine, lenye mashine nyingine na bomba jingine, basi hesabu yote ni ya kuazima. Gari litawaka, naam. Litatembea, naam. Lakini hakuna ajuaye kilichotoka kule nyuma kama ni kizuri au ni sumu.

Hapo ndipo sensa inapoingia. Bosch wa Ujerumani waliitengeneza, na kampuni ya Volvo ya Sweden ikawa ya kwanza kuitia katika magari yake, mwaka 1976. Ndani yake mna kikombe kidogo cha kauri ya zirkonia. Upande mmoja wa kikombe waguswa na hewa ya nje, upande wa pili na moshi. Kikombe kikipata moto wa kiasi cha nyuzi 300 na zaidi, tofauti ya oksijeni baina ya pande hizo mbili huzaa umeme mdogo. Moshi ukiwa hauna oksijeni, yaani petroli imezidi, umeme hufika karibu volti 0.9. Moshi ukiwa na oksijeni iliyobaki, yaani petroli imepungua, umeme hushuka mpaka karibu volti 0.1. Kompyuta yasoma, yaongeza au yapunguza, kisha yasoma tena.

Wazee wetu wa bahari hawahitaji kuambiwa zaidi. Nahodha aliyeingia mlango asioujua hakukisia kina cha maji. Alitupa bildi, ile risasi iliyofungwa kamba, akahesabu pima, akatazama kama chini kuna mchanga au matope au jabali, kisha ndipo akaamua. Hakuna baharia aliyemcheka nahodha kwa kutupa bildi, wala aliyesema kuwa nahodha hodari hupima kwa macho. Sensa ya oksijeni ni bildi ya moshi. Anayeiacha kwa kiburi cha ufundi hana budi kujua kuwa wakubwa wake katika ufundi wa kuongoza vyombo hawakuwa na kiburi hicho.

Twajua sababu wanazozitoa wengi. Ya kwanza ni gharama. Lakini mtu aliyekwisha kununua kompyuta, pampu, injekta na waya, kisha akabana mkono penye kipimo, ni kama aliyenunua mchele, nyama na zafarani akaona uchungu wa chumvi. Tena gharama hiyo hurudi kupitia tangi la petroli, kwani gari lililozidishiwa mafuta hula kila siku. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sensa ndiyo daftari ya petroli.

Sababu ya pili ni kuwa eti petroli yetu huiua sensa. Neno hili lilikuwa kweli zamani. Petroli yenye risasi hufunika kauri ile na kuizima kabisa. Lakini nchi za Afrika kusini ya Sahara, Kenya ikiwamo, ziliacha petroli ya risasi kufikia Januari 2006, na mwaka 2021 Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani kuitumia katika magari, nayo ikaacha. Udhuru huo umekufa na kuzikwa.

Sababu ya tatu ni ya heshima ya gari: kwamba kulitoboa gari la kale ni kuliharibu. Hoja hii yataka jibu la adabu, maana wanaoitoa ni wapenzi wa kweli. Jibu letu ni kuwa bomba la moshi ni nguo, si mwili. Hapa kwetu, kwa hewa ya chumvi, bomba hulika na kubadilishwa tena na tena katika maisha ya gari. Tundu la sensa litobolewe katika bomba jipya, na lile la asili lihifadhiwe. Kabureta nayo isafishwe, ifungwe katika kitambaa chenye mafuta, iwekwe sandukuni na kila nati yake, ili mjukuu wa mjukuu akitaka kuirudisha airudishe. Lisilorudishika ni pistoni iliyotoboka.

Sasa, kutia sensa ni jambo moja. Kuitia mahali pake ni jingine. Tumewauliza wajuao, na haya ndiyo ambayo kila mwenye gari yafaa ayajue kabla hajamwachia fundi ufunguo.

Kwanza, mahali. Sensa huwekwa katika bomba la mbele, baada ya njia za silinda zote kukutana, ili isome moshi wa mashine nzima wala si wa silinda moja. Isiwe karibu mno na vali ikaungua, wala mbali mno ikapoa. Baina ya nusu mita na mita moja kutoka kwenye vali ni kiasi kinachofaa kwa sensa za kisasa zenye hita. Kuiweka nyuma karibu na silensa, kwa kuwa tu ndipo mkono wafika, ni kazi bure.

Pili, mwelekeo. Bomba likipoa, maji hukaa ndani yake. Sensa ikiwa imelala, au imetiwa kwa chini, tone la maji laweza kuipata kauri iliyo moto na kuipasua. Kwa hiyo lifikirie bomba kama uso wa saa: sensa na ikae baina ya namba 10 na namba 2, kichwa juu, ncha chini, maji yateleze yaende zake.

Tatu, kuchomelea. Tundu hutobolewa, na juu yake huchomelewa nati maalumu yenye uzi wa milimita 18. Sensa yenyewe isiwemo wakati wa kuchomelea. Na waya za kompyuta na betri zifunguliwe, kwani umeme wa kuchomelea umekwisha kuua kompyuta nyingi. Uzi upakwe grisi ya kuzuia kushikana, lakini ncha isiguswe na grisi. Gundi ya silikoni ya kawaida, ambayo mafundi wetu huipenda kuliko gasketi, isitumike karibu na mashine hiyo, maana mvuke wake huitia sensa sumu.

Nne, nyufa. Hapa ndipo wengi walipopotea. Moshi hutoka kwa mapigo, na baina ya pigo na pigo bomba hunyonya. Penye ufa au gasketi iliyopasuka mbele ya sensa, hewa ya nje huingia. Sensa huiona oksijeni ile, humwambia mkubwa wake kuwa petroli imepungua, na kompyuta huongeza petroli. Yaongeza, na ufa wazidi kusema uwongo, mpaka gari latoa moshi mweusi na huku kipimo chasema mafuta hayatoshi. Plagi isiyowaka nayo huleta uwongo huo huo, kwani hewa hupita bila kuunguzwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; hapa usipoziba ufa utajenga mashine upya.

Tano, waya. Sensa yenye hita ipewe umeme mashine iwapo inafanya kazi, nao ukatike mashine ikizimwa. Sensa iliyoachwa bombani bila umeme na gari latembea hujaa masizi ikafa. Waya ya ardhi isifungwe penye kutu na rangi. Chumvi ya bahari yetu hula viungio vya shaba kama mchwa alavyo mwamba wa nyumba, kwa hiyo viungio na vifunikwe, vikae juu, mbali na maji ya barabarani siku za mvua ya masika. Hali kadhalika uwezo wa kuzalisha umeme utazamwe. Gari lililotoka kiwandani na jenereta ya kizamani halitaweza kulisha pampu, kompyuta na hita kwa pamoja.

Sita, na hili ni la usalama kuliko yote: mipira ya petroli. Pampu ya kabureta husukuma kwa nguvu ya kama robo ya baa. Injekta zataka baa 3, yaani zaidi ya mara kumi. Mpira wa zamani, uliovumilia miaka arobaini, hautavumilia hilo wiki moja. Ukipasuka juu ya bomba la moto, gari la babu litaungua lote, na huenda na aliyemo. Mipira yote ibadilishwe kwa ile ya nguvu hiyo, na pampu iwe na njia ya kujikata mashine inapozimika.

Yafaa pia kujua kuwa sensa ni za aina mbili. Ile ya kawaida, inayotolewa katika magari ya Japani, yajua kusema maneno mawili tu: imezidi, imepungua. Yatosha kulinda mwendo wa kawaida baada ya gari kupangwa. Lakini kulipanga gari kwa mara ya kwanza, kuandika lile jedwali, hutaka sensa pana, ile inayosema imezidi kwa kiasi gani. Kwani gari likipanda kilima na mzigo hutaka mchanganyiko mzito kidogo, wa kama 12.5 hadi 13, ili lisichemke. Na katika mwendo wa taratibu hutaka 14.7. Sensa ya maneno mawili haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo. Si lazima kila mtu ainunue. Gereji moja ikiwa nayo, yaweza kuwahudumia watu wengi.

Turudi sasa kwa wale watoto waliokuwa wakila mabuyu. Moshi mweusi huonekana, na mtu huukimbia. Lakini mchanganyiko mzito hutoa pia hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoshikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Pua ya fundi hodari haiwezi kuinusa. Katika uwazi wa Mama Ngina upepo wa kusi huipeperusha. Lakini katika kichochoro cha Mji wa Kale, ambamo gari husimama chini ya dirisha la mzazi na mtoto mchanga, au katika gereji iliyofungwa mlango kwa sababu ya mvua, hewa hiyo huua kimya kimya. Kenya ina kanuni za usafi wa hewa tangu mwaka 2014. Lakini sisi hatutaki kumtisha mtu kwa askari. Mwislamu amefunzwa kabla ya kanuni hizo kuwa jirani ana haki yake.

Na amefunzwa pia habari ya kipimo. Suratul Rahman yataja mizani mara tatu katika aya tatu zinazofuatana, na kuna sura nzima iliyopewa jina la wale wapunjao watu katika vipimo. Tumezoea kuyasikia hayo tukafikiri ni ya muuza nazi na muuza sukari tu. Lakini fundi anayepokea pesa kwa gari alilolikisia, akamwambia mteja kuwa limepimwa, je, hakupunja? Gari ni amana mkononi mwake. Na anayechoma petroli bure, hali kipimo chapatikana, amefanya israfu.

Tusiwalaumu vijana peke yao. Nani amewafundisha? Mji huu ulikuwa na mwamko kabla ya mingi. Katika miaka ya mwisho ya 1940 ilianzishwa hapa Mombasa MIOME, chuo cha ufundi cha vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki yote, kwa michango iliyojumuisha ya Aga Khan, ya Sultani wa Zanzibar na ya Mabohora. Kusudi lao lilikuwa moja: Mwislamu wa Pwani asiachwe nyuma katika elimu ya mikono na mashine. Chuo hicho kikabadilika, kikawa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, pale pale Tudor. Majengo yapo. Lililopungua ni daraja baina ya darasa lile na gereji za mitaani, ambako mzee mwenye sikio zuri hana kompyuta, na kijana mwenye kompyuta hana sikio.

Basi shauri letu ni hili. Wenye magari ya kale wa mji huu, na wako wengi kuliko wadhaniwavyo, wakutane na mafundi wao na vijana wa chuo kabla ya kila Idd. Mahali pasitafutwe mbali. Mama Ngina ilikarabatiwa mwaka 2019, hata Siku ya Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba mwaka huo ikaadhimishwa papo hapo. Hapakosi nafasi ya meza moja, sensa pana moja, na mzee mmoja wa kusikiliza. Kila gari lipimwe moshi bila ya kuaibishwa mwenyewe. Lililozidi liambiwe limezidi, lililopungua liambiwe, na ufa uonyeshwe kwa kidole. Watoto watazame, kwani katika wao ndimo watakaotoka mafundi wa kesho.

Ama yule kijana wa 404, neno letu kwake ni la heri. Mwanangu, kazi uliyoianza ni kubwa na babu yako anaona fahari, ijapokuwa alifunika pua. Rudi gerejini. Toboa bomba penye mahali pake, tia nati, ziba nyufa, tupa bildi yako, kisha usome inavyokwambia. Idd nyingine, inshallah, lipeleke gari Mama Ngina, ulipe moto, na mzee aketi na leso yake mfukoni.